Je, Wajua? Namba 7 ya Wakongo na soko la zamu

Kisenge, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, ina manganizi na mgodi wa tangu enzi za Wabelgiji. Uwanja wa barafu haina, na hakuna anayeulalamikia. Hata hivyo, biashara inayofanywa kila mwaka kabla ya Ligi ya NHL, ile ya hoki ya barafuni Marekani na Kanada, kuchagua vijana wapya ingeeleweka upesi Lualaba.

Je, wajua kwamba kinachouzwa pale si mchezaji bali zamu? Klabu huita majina ya vijana kwa foleni, na iliyofanya vibaya msimu uliopita hupewa nafasi ya mbele. Ligi ilianza utaratibu huo Montreal mwaka 1963, vijana 21 wakachaguliwa. Zamu yenyewe ni mali: unaweza kuitoa ili upate beki, au kuitoa miaka miwili kabla, hata kama atakayechaguliwa bado yuko shuleni na hakuna anayemjua. Mkataba wa Sicomines wa 2008 kule Kolwezi, kati ya Kongo na kampuni za China, una akili hiyohiyo: barabara zijengwe kwanza, shaba iliyo bado ardhini ilipe baadaye.

Bingwa wa mchezo huu alikuwa Sam Pollock, meneja wa Montreal Canadiens. Mwaka 1970 aliwapa California Golden Seals mchezaji Ernie Hicke pamoja na zamu yake ya raundi ya kwanza ya mwaka huo, akachukua zamu yao ya raundi ya kwanza ya 1971. Hesabu yake ilikuwa moja: Seals washike mkia, zamu hiyo iwe ya kwanza, naye amchukue Guy Lafleur, kijana aliyekuwa gumzo Quebec nzima. Katikati ya msimu tatizo likajitokeza, kwani Los Angeles Kings nao walikuwa wanateremka. Januari 1971 Pollock akawapelekea Kings mshambuliaji wake mzoefu, Ralph Backstrom. Kings wakapata nguvu, Seals wakamaliza wa mwisho, na Lafleur akaenda Montreal, ambako alitwaa Kombe la Stanley mara 5. Ni kweli Backstrom mwenyewe alikuwa anataka kuondoka, lakini muda aliopewa ruhusa hiyo unasema mengi.

Afrika Mashariki nayo ina mtu wake humo. Johnny Oduya, beki aliyezaliwa Stockholm kwa baba Mkenya, alichaguliwa na Washington Capitals mwaka 2001 katika raundi ya 7, namba 221, na hakuwahi kuichezea timu hiyo hata mechi moja ya ligi. Februari 2012 Winnipeg Jets walimwachia Chicago Blackhawks kwa zamu mbili za 2013, ya raundi ya pili na ya tatu. Akiwa Chicago alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2013 na tena 2015. Sioni aliyepata bei nzuri kuliko Chicago katika biashara hiyo.

Wakongo wako kwenye mpira wa kikapu, katika ligi ya NBA, ambayo nayo huchagua vijana kwa zamu, na hapo kuna jambo la ajabu. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa namba 7 mwaka 2011. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa, namba 7 mwaka 2015. Jonathan Kuminga wa Goma, namba 7 mwaka 2021. Na katika hizo saba tatu, mbili zilikuwa zimebadilisha mikono. Jina la Biyombo lilitajwa kwa zamu ya Sacramento Kings, lakini siku hiyohiyo timu tatu zilikuwa zimebadilishana wachezaji na zamu, naye akaishia Charlotte.

Ya Kuminga ni ndefu zaidi. Februari 2020, yeye akiwa na miaka 17, Minnesota Timberwolves walimtaka D'Angelo Russell. Wakawapa Golden State Warriors mchezaji Andrew Wiggins na zamu yao ya 2021, kwa sharti: ikiangukia katika tatu za kwanza, inabaki kwao. Bahati nasibu ya 2021 ikaitupa hadi ya 7. Sharti likafa, zamu ikaenda Warriors, nao wakamwita kijana wa Goma. Mwaka uliofuata Wiggins na Kuminga walikuwa mabingwa wa NBA pamoja. Minnesota, kwa upande wake, ilikuwa imempata Russell.

Tamaa ya kuuza kesho ilizidi hadi NBA ikaweka sheria. Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980, aligawa zamu zake za raundi ya kwanza kiholela, na leo ni marufuku timu kujiachia miaka miwili ijayo mfululizo bila zamu ya raundi hiyo. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake, heshima ambayo sidhani kama aliiomba.

Zamu inaweza hata kutaifishwa. Katika uchaguzi wa 2023 Chicago Bulls na Philadelphia 76ers walikosa zamu moja kila timu, baada ya NBA kuwanyang'anya kwa kuzungumza na wachezaji kabla ya muda ulioruhusiwa, hivyo yakasomwa majina 58 badala ya 60. La Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2022, halikuwemo. Indiana Pacers walimsajili baadaye, bila kutumia zamu yoyote.