Hita ya Gari Ikipuliza Baridi

Juni na Julai kule Njombe baridi ni kali. Dereva anawasha hita ya gari, nayo inapuliza upepo wa baridi tu. Kwa nini?

Hita haina moto wake. Inapata joto kutoka kwenye maji ya injini. Basi tuanze na maji ya rejeta. Tungoje injini ipoe kabisa ndipo tufungue kifuniko. Ikiwa moto, maji yataruka na kutuunguza.

Maji yamepungua? Tuongeze, kisha tutafute yanapovujia. Maji yamejaa? Tumwite fundi. Huenda themostati imekwama, au mipira ya hita imeziba.

Tusidharau jambo hili. Baridi tutajifunika blanketi. Lakini injini ikikosa maji itaungua, na mgonjwa wetu hatafika hospitali.