Stelingi hapangi foleni Nimule: filamu za kijasusi kwa macho ya soko la Juba

JUBA. Lori likitoka Elegu upande wa Uganda na kuvuka Nimule, lina kilomita 192 za lami kabla ya kufika Juba. Kwenye ramani ni safari ya saa chache. Kwa mwenye mzigo wa vitunguu au unga, ni foleni ya forodha, mihuri, vizuizi vya barabarani na simu zisizokwisha za kumuuliza dereva amefika wapi.

Mtu wa namna hiyo akikaa jioni kutazama filamu ya kijasusi, ana haki ya kucheka. Stelingi hulala Paris na kuamka Nairobi. Haonyeshi pasipoti, habadilishi fedha, na hata baada ya kupigana juu ya paa la nyumba shati lake halina vumbi. Wafanyabiashara wa mpakani ni wahakiki wakali kwa sababu mambo ambayo filamu huyaruka ndiyo kazi yao ya kila siku: karatasi, pesa na muda.

Hata hivyo, uhalisia si kuonyesha kila muhuri. Filamu nzuri inaweza kuruka foleni, ila haiwezi kuruka gharama. Mtazamaji anataka kujua nani atalipa mambo yakiharibika.

Chukua Casino Royale ya mwaka 2006. Sehemu moja ya mwanzo inatajwa kuwa Mbale, Uganda, lakini kambi ile ya waasi ilipigwa picha katika msitu wa Uingereza. Anayeijua Mbale hadanganyiki. Lakini hadithi yenyewe inashika. Le Chiffre anapokea fedha za mbabe wa vita, anaahidi kuzitunza salama, kisha anazicheza kwenye hisa na kuzipoteza. Kuanzia hapo anahangaika kuzirudisha kabla mwenyewe hajazidai. Yeyote Konyo Konyo aliyewahi kushika pesa ya watu anaielewa hofu hiyo bila mkalimani. Mahali ni pa uongo, ila deni ni la kweli.

The Red Sea Diving Resort ya mwaka 2019 ina kasoro ya aina nyingine. Imetokana na kisa cha kweli kilichotokea nchi jirani ya Sudan. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, majasusi wa Mossad ya Israel walikodi kijiji cha watalii cha Arous, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wakijifanya kampuni ya utalii kutoka Ulaya. Mchana walipokea wageni wa kupiga mbizi. Usiku waliwasafirisha Wayahudi wa Ethiopia waliokuwa kambini Sudan, kwanza kwa boti na baadaye kwa ndege.

Kwa mfanyabiashara, utamu wa kisa hiki ni kwamba duka la bandia lilibidi liendeshwe kama duka la kweli. Wageni walitaka chakula na vitanda safi, na wafanyakazi wa hapo hawakujua mwajiri wao ni nani. Filamu inaligusa jambo hilo, kisha inakimbilia risasi na mbwembwe. Waethiopia wenyewe, waliotembea kwa miguu hadi Sudan na kufiwa na ndugu njiani, wanasukumwa nyuma ya stelingi mgeni. Wahakiki wengi waliilalamikia kwa hilo, na walikuwa sahihi.

Iliyo karibu zaidi na ukweli ni The Constant Gardener ya mwaka 2005, kutoka riwaya ya John le Carré, mwandishi aliyewahi kuwa jasusi wa Uingereza. Ilipigwa picha Kibera na Loiyangalani nchini Kenya. Mwanadiplomasia anafuatilia kifo cha mke wake, na silaha yake ni barua na ripoti zilizofichwa. Safari inamfikisha kusini mwa Sudan, kambi inavamiwa, na rubani wa ndege ya misaada anakataa kumchukua mtoto wa hapo kwa sababu kanuni hazimruhusu. Hakuna adui mwenye sauti ya kutisha hapo. Kuna kanuni tu, na mtoto anayebaki nyuma. Waliowahi kukwama mpakani kwa kukosa karatasi moja wanajua tukio hilo halikukuzwa.

Swali hili si la burudani tu. Nimule ilipopata filamu ya Hollywood, Machine Gun Preacher ya mwaka 2011, picha zake nyingi za Afrika zilipigwa Afrika Kusini, na hadithi ikawa ya mhubiri wa Kimarekani na bunduki yake. Aliye mbali anayeijua Sudan Kusini kwa filamu tu haoni soko, anaona vita. Mtu huyo huyo kesho anaweza kuwa mkopeshaji au msambazaji anayeamua kama bidhaa zitumwe Juba kwa mali kauli au kwa fedha taslimu kwanza.

Kusisimua kwa kweli hakukosekani. Julai 2016, mapigano yalipozuka Juba, jeshi la Uganda lilituma msafara kupitia Nimule kuwachukua raia wake, na maelfu waliondoka kwa barabara ile ile ya malori. Kila mwenye duka alikuwa na uamuzi wa kufanya: kupanda gari na kuacha bidhaa alizochukua kwa mkopo, au kubaki nazo na kusikiliza milio. Uamuzi huo hauhitaji gari linalolipuka. Unahitaji kufuli, funguo, daftari la madeni, na mtunzi atakayekuwa na subira ya kumtazama mtu akiamua.