Gharama za Kufungua Studio ya Mazoezi kwa Chapa ya Mwingine

Studio ya mazoezi ya pamoja, yaani ukumbi ambamo kundi dogo la wateja hufanya mazoezi kwa takriban saa moja chini ya mkufunzi, imeenea sana nchini Marekani kwa njia ya franchaizi, ambayo ni mkataba unaompa mjasiriamali haki ya kutumia jina, ratiba za mazoezi na mifumo ya mwenye chapa, huku yeye mwenyewe akibeba gharama za kuijenga na kuiendesha studio. Orangetheory Fitness, iliyoanzishwa Florida mwaka 2010, na F45 Training, iliyoanzia Sydney, Australia, zilikua zaidi kwa mtaji wa wenye mikataba kuliko kwa mtaji wao wenyewe.

Ada ya kujiunga, ambayo kwa Orangetheory ilikuwa dola 59,950 kwa miaka mingi, huvuta macho ya wengi, ingawa ni sehemu ndogo ya uwekezaji ambao kwa chapa zenye mashine nyingi unaweza kupita dola milioni 1. Fedha nyingi humezwa na jengo. Mpangaji hukabidhiwa chumba kitupu, naye hulazimika kuweka sakafu inayofyonza mishindo, kuta zinazozuia muziki usiwafikie majirani, umeme unaotosha mashine za kukimbilia, mabafu, na viyoyozi vyenye nguvu kuliko vya duka la kawaida, kwa kuwa watu wengi wanaotokwa jasho kwa pamoja hujaza chumba joto na unyevu kwa dakika chache. Mwenye jengo anaweza kuchangia ukarabati, lakini mchango huo kwa kawaida hurudi kwake kupitia kodi ya pango, tena katika mkataba wa miaka kadhaa ambao mara nyingi hudai dhamana binafsi, kiasi kwamba kufunga studio hakufuti deni.

Baada ya milango kufunguliwa huja mrabaha, malipo ambayo kwa kawaida hukokotolewa kwa asilimia ya mauzo ghafi, si ya faida, na hapa ndipo masilahi ya pande mbili hutengana, kwa sababu mwenye chapa hulipwa hata mwezi ambao studio imepata hasara. Ikichukuliwa studio ya kukisia yenye gharama zisizobadilika za dola 35,000 kwa mwezi na wanachama wanaolipa dola 150 kila mmoja, ingehitaji wanachama 234 ili isipate hasara. Ikiondolewa asilimia 8 ya mrabaha na asilimia 2 ya mfuko wa matangazo, idadi hiyo hupanda hadi 260. Wanachama 26 wa ziada si wengi kwa hesabu ya karatasi, lakini katika biashara ambayo wanachama hujitoa kila mwezi na lazima wengine watafutwe, ni kazi isiyokwisha.

CrossFit, chapa nyingine ya mazoezi, ilichagua njia tofauti: ukumbi hulipa ada maalumu ya mwaka, ambayo ilikuwa dola 3,000 kabla ya kupandishwa hadi 4,500 mwaka 2024, na mmiliki huamua mwenyewe vifaa na mpangilio. Unafuu huo una bei yake, kwani mmiliki hapati mfumo kamili wa mauzo wala eneo analolindiwa dhidi ya ukumbi mwingine wa jina hilohilo.

Sheria ya Marekani humtaka mwenye chapa ampe mnunuzi waraka wa ufichuzi wenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa. Kipengele cha 7 huorodhesha makadirio ya uwekezaji, pamoja na fedha za uendeshaji za kipindi cha mwanzo, ambacho mara nyingi ni miezi 3 tu, muda mfupi mno kwa studio inayojenga wanachama kutoka sifuri. Chenye manufaa zaidi, na pengine kinachosomwa kidogo zaidi, ni cha 20, kinachoonyesha studio zilizofungwa au kuuzwa, mawasiliano ya walioondoka mwaka uliotangulia, na mikataba iliyosainiwa bila studio kufunguliwa. Kwa mfano, F45, iliyoingia soko la hisa la New York Julai 2021 kwa dola 16 kwa hisa, ilikuwa ikitangaza idadi ya mikataba iliyouzwa sambamba na ile ya studio zilizofunguliwa. Mwaka mmoja baadaye ilipunguza takriban asilimia 45 ya wafanyakazi wake na kushusha matarajio ya mikataba mipya.