Ndugu Mdogo wa Tembo

Juu ya miamba ya Serengeti pimbi hujilaza juani wakiota joto. Mkubwa wao ana kilo nne hivi, hana mkia wa kuonekana, na ukimtazama juujuu utasema ni panya aliyenenepa. Hata wataalamu walimdhania hivyo. Mwaka 1766 Peter Simon Pallas, alipompa jina la kisayansi pimbi wa kusini mwa Afrika, alimweka jamii moja na simbilisi.

Mfungue kinywa. Yale meno marefu ya juu si machonge kama pembe za ngiri. Ni meno ya mbele, na hayakomi kukua. Pembe za ndovu nazo ni meno ya mbele. Korodani za dume hazining'inii nje, zimo tumboni karibu na figo, sawa na za tembo.

Wapasuaji wa wanyama walikuwa wameyaona mengi ya hayo zamani. Mshangao ulitoka maabara. Mwaka 1998 Michael Stanhope na wenzake walilinganisha vinasaba, wakautangaza ukoo waliouita Afrotheria: tembo, pimbi, nguva, muhanga, sange, fuko-dhahabu na tenreki wa Madagaska. Fuko-dhahabu alikuwa akihesabiwa ndugu wa fuko wa Ulaya! Kumbe kuchimba ardhi ndiko kulikowapa umbo moja, wala hawakulirithi kwa babu mmoja.

Waliokuwa na shaka walipewa ushahidi mgumu zaidi kuukana. Kuna vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika ovyo, kisha hurithiwa vizazi na vizazi. Wanafunzi wawili wakikosea neno lilelile katika mstari uleule, msahihishaji haamini kuwa ni bahati. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wawili wenye kipande kilekile mahali palepale. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza aina ya vipande inayopatikana kwa wanyama wa ukoo huu.

Wachunguzi wa mifupa wakarudi makabatini. Mwaka 2008 Robert Asher na Thomas Lehmann walionyesha kuwa wengi wa Afrotheria huchelewa kuota meno ya ukubwani, hata mwili ukishakaribia kukomaa.

Ndani ya ukoo bado kuna ubishi. Tembo, pimbi na nguva waliachana kwa haraka mno, kiasi kwamba vinasaba vyenyewe vinatoa majibu yanayopingana kuhusu nani alitangulia kujitenga.