MFUPA UNAOSHIKA JINO UNAWEZA KUOTA TENA

Je, fizi zako hutoka damu unapopiga mswaki? Je, una jino linalotikisika ingawa halina tundu? Watu wengi husema, "Ni uzee huo." Si kweli. Jino halitikiswi na uzee. Linatikisika kwa sababu mfupa unaolishika umepungua.

Jino ni kama nguzo ya nyumba. Nguzo husimama kwa sababu imechimbiwa ardhini. Jino nalo limechimbiwa katika mfupa wa taya. Mzizi wake umefunikwa na tabaka jembamba, gumu kama saruji. Nyuzi fupi, nyingi sana, hulifunga tabaka hilo kwenye mfupa. Ukiacha ukoga juu ya meno, vijidudu huzaana. Ukoga ukikaa hugeuka ugaga, mgumu kama jiwe. Fizi huvimba. Kisha mfupa hupungua kidogo kidogo, kama udongo unavyochukuliwa na mvua penye nguzo. Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana watu huchelewa kwenda kutibiwa.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Sehemu ya nje ya jino, ile nyeupe inayong'aa, huitwa enameli. Hakuna kitu kigumu zaidi mwilini. Katika kila kilo 100 za enameli, karibu kilo 96 ni madini. Lakini jino linapojengwa ndani ya taya la mtoto, enameli huwa laini, imejaa protini. Nyingi ya protini hizo ni za aina moja, iitwayo amelojenini. Kazi yake ni kuyapanga madini. Kazi ikiisha huondolewa, kama fundi anavyoondoa mbao zege likikauka. Enameli iliyokomaa haina chembe hai, kwa hiyo ikitoboka haijizibi. Mfupa una chembe hai. Ukiamshwa, huota.

Wataalamu wa Sweden, akiwamo Lars Hammarström, walizichunguza protini hizo. Walizipaka kwenye mizizi ya meno ya kima, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeondolewa. Tabaka la saruji likajengwa upya, nyuzi zikarudi, mfupa nao ukafuata. Habari hizo zilitolewa mwaka 1997. Mwaka huo huo zilitolewa habari za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 3. Palipopakwa protini, picha za eksirei zilionyesha mfupa umeongezeka kwa zaidi ya milimita 2. Palipopasuliwa na kusafishwa tu, mfupa ulibaki karibu vile vile. Milimita 2 ni kama unene wa punje ya mchele. Ni kidogo, lakini kwa jino linalolegea ni kitu kikubwa.

Protini hizo hazigeuki kuwa mfupa. Zinaziita chembe hai za mwili wako zije kazini, kama mbiu inavyoita watu kwenye msaragambo. Mfupa unajengwa na wewe mwenyewe.

Dawa hii haipakwi nyumbani. Daktari wa meno hukuchoma sindano ya ganzi, hufungua fizi, husafisha mzizi, hupaka dawa, kisha hushona. Hufaa zaidi pale mfupa ulipochimbika kama shimo lenye kingo. Mfupa ukiwa umeisha pande zote, haisaidii sana. Mvutaji wa sigara hupata faida ndogo. Tena, protini zenyewe hutolewa kwenye meno ya nguruwe wadogo, meno ambayo bado hayajaota. Kama dini yako inakataza nguruwe, muulize daktari mapema. Na mguu ukivunjika, usiulizie dawa hii; mguu utafungwa plasta kama kawaida. Akija mtu gulioni na unga wa kuotesha meno, mwache aende zake na unga wake.

Dawa hii ni ghali, wala haipatikani kila hospitali. Mswaki unapatikana. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, hadi pale jino linapokutana na fizi. Mswaki wa mti unafaa pia, ukiitafuna ncha yake mpaka iwe laini. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki, piga taratibu. Damu isipokoma baada ya wiki 2, nenda kituo cha afya, uulize wapi utaondolewa ugaga. Ukifika, mweleze mganga damu ilianza lini, jino gani linatikisika, na kama una ugonjwa wa kisukari.