Lengelenge lisilouma mguuni: mwenye kisukari asilipasue

Mtu mwenye kisukari anaamka asubuhi na kukuta lengelenge kubwa mguuni ambalo hakulala nalo. Haliumi, na hakumbuki kuungua popote. Wengi wetu hapo hutafuta sindano, hulipasua, hupaka dawa ya meno na kwenda shambani. Hivyo ndivyo vidonda vingi vya miguu huanza.

Lipo lengelenge linaloletwa na kisukari chenyewe, na madaktari waliliandika mara ya kwanza mwaka 1930. Halitokei kwa wengi. Huwapata zaidi walioishi na kisukari kwa miaka mingi, hasa ambao miguu yao imeshaanza kufa ganzi. Hutokea ghafla kwenye vidole, nyayo au muundi, mara nyingine mikononi. Ndani yake mna maji yasiyo na usaha, na ngozi inayolizunguka haina joto wala uvimbe. Lisipopasuliwa, kwa kawaida hukauka lenyewe kwa wiki 2 hadi 6.

Tatizo ni kwamba huwezi kulitambua kwa macho yako tu, kwa sababu lengelenge la moto nalo huenda lisiume. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hutia miguu kwenye karai la maji moto, au huisogeza karibu na jiko usiku wa baridi, ngozi ikaungua bila yeye kusikia lolote. Kiatu kipya kinachobana hufanya vivyo hivyo, na buti za mpira zisizo na soksi, na kokoto iliyoshinda ndani ya kiatu kutwa nzima.

Miguu iliyojaa maji kwa sababu ya figo au moyo pia hutoa malengelenge. Mengine ni ya maambukizi. Haya huwa na usaha au joto. Kuna pia vidonge vya kisukari, kama sitagliptin na vildagliptin, ambavyo mara chache huleta malengelenge magumu yanayowasha sana. Ukiyaona, usiache dawa kwa uamuzi wako. Beba pakiti yake uende kwa daktari. Lakini malengelenge yakitokea mdomoni au machoni pamoja na homa baada ya kuanza dawa yoyote mpya, nenda hospitali mara moja.

Kwa lengelenge la mguu, lifunike kwa kitambaa safi kikavu, vaa kiatu kisicholigusa, na ufike zahanati au kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Ukiona usaha, weusi, harufu mbaya au homa, usingoje kesho. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako pia anaweza kukupima sukari. Mikoba iliyoanza kugawiwa wahudumu hao mwaka 2023 ina kipimo hicho.

Nyumbani, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko au na mtu asiye na ganzi. Kagua nyayo kila jioni. Macho yakiwa hafifu, mwombe mjukuu. Na ukienda kliniki, vua viatu na soksi hata usipoambiwa. Foleni ikiwa ndefu, ni rahisi kupimwa sukari na presha, miguu ikarudi nyumbani bila kuangaliwa.