Silabi Elfu Nane Zilizofungiwa Nje

Wasikilizaji, sote tulianza shule kwa ba, be, bi, bo, bu. Wakorea nao husoma kwa silabi, ila wao kila silabi huijenga kama kijumba kimoja: konsonanti, irabu kando au chini yake, na pengine konsonanti nyingine ya kumalizia. Hati hiyo huitwa Hangul. Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446, na leo herufi zake za msingi ni 24 tu.

Kompyuta, kama mjuavyo, haijui herufi, inajua namba. Je, kijumba kizima kipewe namba moja, au kila tofali lipewe yake? Mwaka 1987 Korea ya Kusini iliweka kiwango cha taifa kilichotoa namba kwa vijumba vizima, lakini 2,350 tu, vile vilivyoonekana kutumika zaidi. Sasa pigeni hesabu. Vianzio ni 19, irabu 21, vimalizio 28 ukihesabu na pale pasipo kimalizio. Zidisha: 11,172. Silabi 8,822 zikafungiwa nje.

Mtu atasema hizo hazina kazi. Kwa nani? Mwaka 1990 televisheni ya huko ilionyesha mchezo uitwao Ttombang Gakha. Silabi yake ya kwanza, "ttom", haikuwamo katika orodha, kwa hiyo jina lililojulikana nchi nzima likazishinda kompyuta nyingi. Na mwenye silabi ya namna hiyo katika jina alilopewa na wazazi wake, aambiwe nini dirishani? Kwamba hayupo? Naona huo ni ukatili wa karani, hata ukifanywa na mashine.

Dawa ilikuja mwaka 1996, katika toleo la pili la Unicode, kiwango cha herufi za dunia nzima. Silabi zote 11,172 zilipangwa kwa mfuatano kuanzia namba 44,032, na mashine haina haja ya kukariri. Inahesabu kuanzia sifuri: kianzio mara 21, jumlisha irabu, zidisha kwa 28, jumlisha kimalizio, kisha 44,032. "Han" ina kianzio cha 18, irabu ya 0 na kimalizio cha 4. Jibu ni 54,620.

Haikuwa bure. Silabi 6,656 zilizokuwamo tayari zilihamishwa, na maandishi yaliyotumia namba za zamani yakaharibika. Tangu hapo wenye kiwango hicho wameahidi kwamba herufi ikishapewa namba haitahamishwa tena.